Mtaji wa Maskini Usiliwe Wote



Wazee wetu walisema ya kuwa mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Maneno haya twayajua sote, na wengi wetu tuliyasikia kabla hatujajua kusoma. Lakini twajua pia mwisho wa mwenye duka anayekula mtaji wake: siku moja rafu ni tupu na mlango unafungwa. Katika toleo hili twataka kusema juu ya mtaji wetu sisi, yaani nguvu za misuli ya mikono, mgongo na miguu. Jinsi unavyopungua kila mwaka, ni nani anayeutumia, na jinsi mtu awezavyo kuulinda mpaka uzeeni.

Wengine watauliza: "Je, hilo ni jambo la chama? Kazi ya chama ni mishahara na saa za kazi." Sisi twajibu ya kuwa ni la chama kabisa. Mwezi wa Januari mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, walikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Hawakuwa na fedha wala silaha. Walikuwa na nguvu zao tu, na walipozizuia kazi ya mji ilisimama. Mwaka 1955 watu wa gatini waligoma tena, na safari hiyo pia silaha ilikuwa ile ile. Bidhaa tunayouza sisi ni nguvu, na muuzaji asiyejua hali ya bidhaa yake hawezi kupatana bei vizuri.

Tena iko sababu nyingine. Mfanyakazi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60 tangu serikali ilipobadilisha umri huo mwaka 2009, na makampuni mengi yamefuata umri huo. Mtu aliyefika 60 aweza kuishi miaka 15 au 20 zaidi. Chama kimepigania akiba yake ya NSSF na kiinua mgongo chake. Lakini mtu aliyepokea kiinua mgongo na mgongo wenyewe hauinuki, amepata nini? Fedha zake zitakwenda kwa dereva wa teksi, kwa mganga, na kwa kijana wa kumchotea maji.

NINI HUTOKEA MWILINI

Misuli ya mwanadamu hufikia upeo wa nguvu zake katika ujana, kabla ya miaka 40. Baadaye huanza kupungua. Wataalamu wanakadiria ya kuwa kila miaka 10 mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya nyama ya misuli, na akipita miaka 60 mwendo huo huongezeka. Nguvu nazo hupungua upesi kuliko nyama yenyewe. Kwa hivyo usijitazame mkono katika kioo ukasema bado uko sawa. Mkono waweza kuonekana ule ule na nguvu zimekwisha kwenda.

Nyuzi za misuli ni za namna mbili. Ziko za polepole, zinazotuwezesha kusimama na kutembea kutwa nzima. Ziko na za haraka, ambazo hufanya kazi tunaponyanyua kitu kizito kwa ghafula, au tunapojikwaa na kujizuia tusianguke. Uzee hula zaidi hizi za haraka. Ndiyo maana utamwona mzee akitembea maili mbili kwenda msikitini au kanisani bila taabu, lakini akijikwaa kizingitini huanguka na kuvunjika nyonga. Hakukosa macho wala akili. Mguu wake ulichelewa kumshika.

Mwaka 1989 daktari mmoja wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hii jina la sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama. Kabla ya hapo watu walisema "uzee" tu, wakanyamaza. Marekani iliiingiza katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2016. Sisi twaona jambo hili ni kubwa, kwa kuwa ugonjwa wenye jina waweza kuandikwa katika cheti cha daktari, na kilichoandikwa katika cheti chaweza kudaiwa mezani.

Lakini miaka siyo sababu ya pekee. Sababu ya pili ni kuacha kuitumia misuli, na hii ndiyo iliyo mikononi mwetu. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya nzuri, wa miaka kama 67, kwa siku 10 tu. Kwa siku hizo 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Fikirini basi juu ya mwenzetu aliyeumia kazini akalala miezi miwili, kisha akaambiwa amepona, arudi katika gengi lake siku ya Jumatatu.

Na sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 1990 madaktari wa mji wa Boston walichukua wazee dhaifu 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Wakawafundisha kunyanyua uzito kwa miguu, mara tatu kwa juma, kwa majuma 8. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza nguvu za miguu yao ziliongezeka, kwa wastani, kwa asilimia 174. Hawa walikuwa watu wa miaka 90! Basi mtu wa miaka 52 akituambia ya kuwa wakati wake umepita, twamwomba ahesabu tena.

KAZI NZITO SIYO MAZOEZI

Hapa ndipo wanachama wengi wanapotupinga. Ndugu wa godauni husema: "Mimi nabeba magunia tangu saa moja ya asubuhi. Mazoezi ni ya makarani na watu wenye vitambi. Misuli yangu hufanya mazoezi kwa gharama ya tajiri." Twayaheshimu maneno haya, kwa kuwa aliyebeba ndiye ajuaye uzito. Lakini si kweli yote, na yafaa tueleze kwa nini.

Uko ushahidi unaomsaidia ndugu huyo. Daktari Ralph Paffenbarger na wenzake waliwafuatia watu wa gatini wa San Francisco zaidi ya 6,000, kuanzia mwaka 1951, kwa miaka 22. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1975 yalionyesha ya kuwa wenye kazi nzito kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo kiasi cha nusu tu ya wale wenye kazi nyepesi. Kwa hiyo kazi nzito yaweza kuujenga mwili.

Lakini mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi wa Copenhagen, nchini Denmark, wa watu zaidi ya 104,000. Humo ilionekana ya kuwa wanaojitahidi kwa mwili katika wakati wao wenyewe waliishi zaidi, na wanaotumia nguvu nyingi sana kazini walikufa mapema zaidi. Wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hili, kwa kuwa mwenye kazi nzito mara nyingi pia ana mshahara mdogo na nyumba mbaya. Hata hivyo, maelezo wanayotoa yafanana sana na mambo tunayoyaona sisi wenyewe.

Maelezo ni haya. Misuli haijengwi wakati wa kunyanyua. Wakati wa kunyanyua huchoka na kuumia kidogo kidogo. Hujengwa baadaye, mtu akila na kulala. Mwenye kufanya mazoezi hunyanyua kwa dakika chache, hupumzika, hugeuza upande, na kesho yake hairudii misuli ile ile. Mbeba magunia hunyanyua kwa saa nane au kumi, kwa bega lile lile, mgongo ukiwa umepinda vile vile, na kesho ni hivyo hivyo. Moyo hupiga mbio kutwa nzima. Usiku hulala saa tano kwa sababu basi la mapema halimngoji. Kwa hivyo kila siku hubomoa zaidi ya alivyojenga. Akifika miaka 45 bega moja ni kubwa, goti linalia, na kiuno hakipindi. Ana nguvu za kazi moja tu, na siku kazi hiyo ikimwacha, hana nguvu za kitu kingine.

Je, watu wa San Francisco walikuwa na nini zaidi yetu? Twawakumbusha wanachama ya kuwa watu wale walishinda mgomo mkubwa wa mwaka 1934, na chama chao kikawa na sauti gatini. Miaka ya 1940 na 1950 ilikuwako desturi huko ya kwamba nusu ya gengi hufanya kazi ndani ya meli na nusu hupumzika, kisha hupokezana. Matajiri waliita desturi hiyo uvivu, na walilipa ili iondolewe katika mapatano ya kuleta mashine mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hatusemi ya kuwa desturi hiyo peke yake ndiyo iliyolinda mioyo yao. Lakini twasema hivi: kazi nzito pamoja na mapumziko si kitu kimoja na kazi nzito bila mapumziko, na mapumziko hayatoki kwa tajiri mpaka yadaiwe.

KAZI YA KUKETI NAYO HULA

Wale wasiobeba wasicheke. Zamani gatini Kilindini magunia yalipita juu ya mabega ya watu. Siku hizi sehemu kubwa ya shehena huja katika kontena, na mtu mmoja aliyeketi juu katika kreni hunyanyua kwa dakika chache mzigo ambao gengi zima lingeutolea jasho. Tumeyapokea maendeleo hayo, ijapokuwa yalipunguza kazi nyingi. Lakini dereva wa kreni, dereva wa lori la Malaba, karani wa kompyuta na mlinzi wa mlangoni wote hulipwa kwa kuketi. Uchunguzi wa Daktari Jeremy Morris huko London, uliotangazwa mwaka 1953, uliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Walivaa sare moja na kupanda basi moja. Lakini dereva aliketi kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa; na madereva ndio walioonekana kuugua moyo zaidi.

Misuli ya mapaja ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, na kwa mtu wa kuketi hulala usingizi saa zote za kazi. Akirudi nyumbani huketi tena kutazama mpira. Mtu kama huyu hufika miaka 60 akiwa hana maumivu hata kidogo, akajiona mzima, mpaka siku atakapochuchumaa na kutafuta cha kushika ili ainuke.

Kwa dada zetu jambo hili lina uzito zaidi. Hedhi inapokoma, mifupa ya mwanamke huanza kupungua upesi, na misuli nayo hufuata. Mwanamke anayepanga chai godauni, au anayefagia ofisi za ghorofa nne, akirudi nyumbani hubeba maji, mtoto na kuni. Wanaume wa chama hiki wasimwambie aongeze mazoezi kabla wao wenyewe hawajashika ule mtungi.

JIPIME MWENYEWE

Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani kisiteleze. Keti katikati yake, nyayo ziwe chini, kunja mikono juu ya kifua. Mwenzako ashike saa. Kwa nusu dakika inuka mpaka usimame wima, keti tena, inuka tena, na mwenzako ahesabu. Kipimo hiki hutumiwa na wakuu wa afya wa Marekani. Wao wanasema mwanamume wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya mara 14, na mwanamke wa umri huo akipata chini ya 12, nguvu za miguu yake ni pungufu na yumo katika hatari ya kuanguka. Kwa miaka 70 hadi 74 hesabu ni 12 kwa mwanamume na 10 kwa mwanamke. Kijana wa miaka 40 asiyefika hesabu ya mzee wa 60, huyo ajue ya kuwa amekwisha anza kula mtaji.

YA KUFANYA BILA KULIPA SENTI

Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema kila mtu mzima aitie misuli yake kazini kwa kusudi la kuiongezea nguvu walau siku 2 kwa juma, na aliyefika miaka 65 afanye siku 3 mazoezi yanayochanganya nguvu na kusimama bila kuyumba. Hakuna haja ya nyumba yenye vyuma na vioo. Haya yafuatayo hufanyika uani:

1. Kuketi na kuinuka katika kiti, mara 8 hadi 12. Ikiwa rahisi, shika mtungi wenye maji kifuani. Ikiwa ngumu, anza kwa kujisaidia na mikono.

2. Kujisukuma ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, pinda viwiko mpaka kifua kikaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Ukizoea, jisukume kutoka mezani, na baadaye kutoka sakafuni.

3. Kuvuta. Weka mkono mmoja juu ya kiti, inama mgongo ukiwa umenyooka, na kwa mkono wa pili vuta mtungi wa lita 5 kutoka chini mpaka ubavuni. Lita 5 za maji ni kilo 5. Juma la tatu ongeza maji. Kumbuka kubadili mkono.

4. Kuinua visigino. Shika ukuta, simama juu ya vidole vya miguu, shuka polepole.

5. Kubeba sawasawa. Chukua mitungi miwili yenye uzito mmoja, mmoja kila mkono, tembea uani hatua 30, kichwa juu.

6. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kwa kadiri uwezavyo, kisha mguu wa pili.

Kila zoezi lirudiwe mara mbili au tatu, na mapumziko katikati. Uzito ufae hivi: mbili za mwisho ziwe ngumu, lakini uweze kuzimaliza bila kupindapinda mwili. Uzito usiobadilika haujengi, kwa hivyo uongezwe kidogo kidogo. Pumua wakati wote, usizuie pumzi, maana kuzuia pumzi hupandisha damu ghafula. Siku ya mazoezi na siku inayofuata zisifuatane kwa misuli ile ile. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, ngiri au maumivu ya kifua aonane kwanza na daktari.

Ndugu wenye kubeba mizigo wasijiongezee uzito siku ya kazi. Wao wachague siku ya mapumziko, wafanye yale ambayo kazi haiwapi: kuvuta, kubeba sawasawa pande zote mbili, kusimama kwa mguu mmoja, na kunyoosha mgongo na mapaja. Na siku zilizobaki dawa yao kubwa ni usingizi.

Twaongeza neno kwa wana na wake wa wazee wetu. Ni desturi nzuri kumheshimu mzee kwa kumletea kila kitu alipoketi. Lakini mzee anayeletewa maji, chakula, redio na viatu kila siku hawekwi tena karibu na nguvu zake. Mwacheni ainuke aende akachukue mwenyewe maadamu anaweza. Kumtumikia sana mzee mwenye nguvu ni kumharakisha kuwa mgonjwa.

CHAKULA

Misuli hujengwa kwa protini. Wataalamu wanaoshughulika na wazee walishauri mwaka 2013 ya kuwa mtu aliyepita miaka 65 ale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kila siku. Mtu wa kilo 65, basi, ahitaji gramu 65 hadi 78. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Omena waliokaushwa, kilo kwa kilo, wana protini nyingi kuliko nyama mbichi ya ng'ombe, na bei yake yafikika.

Sasa tazameni siku ya mfanyakazi. Asubuhi ni chai ya rangi na mandazi mawili. Adhuhuri ni ugali na sukuma wiki ya kibanda cha mlangoni. Protini yote, kama ipo, hungoja usiku. Afadhali igawanywe: maziwa au yai asubuhi, maharagwe, ndengu au mbaazi mchana, samaki au githeri usiku. Wenye ugonjwa wa figo wamwulize daktari kabla ya kuongeza. Najua yupo atakayesema, "Mshahara haufiki huko." Ndugu huyo amesema kweli, na hilo nalo ni dai la mshahara: tukienda kupatana bei, gharama ya maharagwe na maziwa iingie katika hesabu yetu sawa na nauli na kodi ya nyumba.

TAJIRI ASIJIFICHE NYUMA YA MAZOEZI

Hapa twatoa onyo. Wako wenye kazi watakaofurahi sana kusoma karatasi hii. Watatundika ukutani picha ya mtu akiinama vizuri mbele ya sanduku, na mgongo wa mfanyakazi ukivunjika watasema, "Hakufuata picha." Tusikubali. Mazoezi ni ya kuilinda mali yetu kwa ajili yetu wenyewe. Hayachukui mahali pa kigari cha mizigo, wala pa mtu wa pili katika mzigo wa watu wawili.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru mwili. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilishauri tangu mwaka 1967 ya kuwa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usipite kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Gunia letu la mahindi ni kilo 90. Kwa viazi, kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kwa gunia, na hata hivyo gunia lililoshonewa kilemba juu bado laonekana sokoni mgongoni mwa watu. Sheria tunazo. Kilichopungua ni mtu wa kusimama mbele ya lori na kusema, "Gunia hili hatulibebi."

Kwa hiyo twapendekeza wawakilishi wetu wayapeleke mambo haya katika mapatano yajayo:

Kwanza, kipimo cha uzito kiandikwe katika mapatano kwa kilo, wala yasiwekwe maneno ya "uzito wa kadiri." Mzigo unaozidi uende kwa mashine au kwa watu wawili.

Pili, gengi la kubeba lipokezane, na mapumziko yahesabiwe kuwa saa za kazi.

Tatu, mfanyakazi aliyepita miaka 50 katika kazi nzito aweze kuomba kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara. Nguvu zake za ujana kampuni imekwisha zipokea.

Nne, aliyeumia asirudishwe katika mzigo kwa sababu jeraha limefunga tu. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yatambua gharama za matibabu yake; chama kidai ya kuwa matibabu hayo ni pamoja na kuzirudisha nguvu za misuli, na arudi kazini kwa hatua.

Tano, nyumba ya chama ifunguliwe jioni mbili kwa juma kwa mazoezi haya, pamoja na wazee wetu waliostaafu. Viti viko, ukuta uko, mitungi tutaleta. Hili la tano halihitaji ruhusa ya mwajiri yeyote, na kwa hivyo ndilo tutakaloanza nalo.

Yuko mtu aliyetuuliza kwa nini tuwashughulikie waliostaafu, hali hawalipi tena ada. Walilipa. Mabega yaliyobeba magunia ya miaka iliyopita ndiyo yaliyokibeba chama hiki kabla yetu, na wengi wao sasa hawawezi kupanda daladala la chama, yaani ngazi ya ghorofa moja ya kufika ofisini kwetu. Mkutano wa kwanza wa jioni utafanyika chini, uani, ili nao wafike.

Tumezoea kusema ya kuwa umoja ni nguvu. Ni kweli. Lakini umoja wa watu waliochoka kabisa hauwezi kukaa katika mgomo hata siku tatu. Kila mwanachama aihesabu misuli yake kuwa ni sehemu ya mali ya chama, ailishe, aipumzishe, aiongezee kidogo kila juma, na akatae kwa sauti kubwa mtu mwingine asiimalize. Leo jioni kila asomaye karatasi hii ajipime kwa kiti. Hesabu atakayoipata aiandike nyuma ya ukurasa huu na ailete mkutanoni.

Wenu katika chama.